Kifungu cha 66 na Mke Aliyepigwa

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoziweka ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kiserikali na za kimila za Tanzania Bara chini ya kanuni moja, ilitamka katika kifungu chake cha 66 ya kuwa hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenziwe wa ndoa kwa kumpiga, ijapokuwa mila imemruhusu; lakini neno hilo zito halikufuatishwa na adhabu, hata ikawa mke aliyeumizwa hana budi kuitafuta haki yake katika Kanuni ya Adhabu, ambayo kwa kifungu cha 241 humhukumu aliyeshambulia na kudhuru mwili kifungo kisichozidi miaka 5, awe amempiga mkewe ama mpita njia.

Safari yenyewe huanzia polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, anakopewa PF3, ile fomu ambamo tabibu huandika majeraha aliyoyaona na ambayo baadaye huwa ushahidi mbele ya hakimu. Na kwa hiyo yule anayejifungia ndani akingoja uvimbe upungue, ati apate uso wa kutokea mbele ya watu, huyapoteza yale ambayo tabibu angeyashuhudia. Vituo vya mkono kwa mkono, ambamo askari, tabibu na mshauri hukaa pamoja, vimemfupishia mwendo huo, na kwa rai yangu vina manufaa kuliko hotuba nyingi.

Hata hivyo, aghalabu mwanamke hafiki huko. Mashemeji, wazee wa mtaa, na wakati mwingine mama yake mzazi, humsihi aisitiri nyumba yake, na muhali ukamfunga kinywa. Nayo sheria, kwa kuipenda suluhu, humtaka mwenye kuomba talaka apitie kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, ingawa mahakama yaweza kumwondolea sharti hilo palipo na mambo yasiyo ya kawaida. Suluhu siidharau, maana nyumba nyingi zimepona kwayo; ila sioni suluhu pale ambapo mmoja amekuja na jicho lililovimba na mwingine amekuja kumpa masharti.

Tena kuna riziki, ambayo huwarudisha wengi katika dhuluma ile ile: akitoka, atakula nini na wanawe? Wachache wanajua ya kwamba Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983 kuwa kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa, hata kama hakuleta mshahara, na ya kwamba ukatili umetajwa na sheria ile ile ya 1971 kuwa miongoni mwa dalili za ndoa iliyovunjika.

Basi, ewe msomaji, akikujia usiku dada au jirani aliyepigwa, mpeleke kwanza akapewe PF3 na atibiwe. Wazee wataitwa baadaye.