Nani Amwekee Kikomo Mshika Hesabu?

Kila askari aliyewahi kupanga mstari siku ya mshahara anafahamu kwamba mshika hesabu ni mtu wa kuangaliwa kwa macho mawili. Akilipwa kidogo mno, atashawishika. Akiachiwa ajipangie mwenyewe, hatashiba. Basi ni nani anayestahili kumwekea kikomo?

Mji mdogo wa Bell, karibu na Los Angeles katika jimbo la California, Marekani, ulilijibu swali hili vibaya. Mwaka 2005 wakazi waliitwa kupiga kura ili mji uwe na katiba yake wenyewe. Waliopiga kura hawakutimia 400, katika mji wa watu zaidi ya 35,000. Kwa kura hiyo, madiwani walijitoa chini ya kikomo cha malipo kilichowekwa na sheria ya jimbo.

Julai 2010 gazeti la Los Angeles Times lilifichua matokeo yake. Meneja wa mji, Robert Rizzo, alikuwa akipokea karibu dola 800,000 kwa mwaka. Msaidizi wake alipata zaidi ya dola 376,000. Mkuu wa polisi alilipwa dola 457,000, kumpita mkuu wa polisi wa Los Angeles, jiji lenye mamilioni ya watu. (Konstebo wa zamu ya usiku, nadhani, hakuonja hata mchuzi wa karamu hiyo.) Nao madiwani wengi, ambao udiwani kwao haukuwa kazi ya kutwa, walikaribia dola 100,000 kila mmoja. Hapo ndipo penye kiini cha jambo: diwani aliyekwisha kunona hana ulimi wa kumkemea meneja. Mwaka 2014 Rizzo alihukumiwa kifungo cha miaka 12.

Jimbo la Texas, lenye kaunti 254, limechukua njia nyingine kuhusu mkaguzi wa hesabu wa kaunti. Afisa huyu ndiye anayechunguza madai ya malipo kabla baraza la makamishna halijayalipa. Kama makamishna hao wangekuwa na mamlaka ya kumpunguzia mshahara, je, angethubutu kuikataa hati yao? Kwa sababu hiyo sheria imewapa majaji wa wilaya kazi ya kumteua, kwa muda wa miaka miwili, na ya kupanga mshahara wake. Nao majaji hawakuachiwa huru: kwa kawaida hawawezi kumlipa zaidi ya afisa wa kaunti aliyechaguliwa na wananchi ambaye mapato yake yanawazidi wenzake, ingawa baadhi ya kaunti zina ruhusa maalumu. Kabla ya kuamua ni lazima kifanyike kikao cha hadhara, kitangazwe gazetini, na raia wapewe nafasi ya kusema.

Hata hivyo, ngome hii ina upenyo. Mishahara ya maafisa waliochaguliwa, akiwemo sherifu anayeongoza polisi wa kaunti, hupangwa na makamishna wale wale. Hivyo wanaokaguliwa hawashiki mkoba wa mkaguzi, lakini dari lililo juu ya kichwa chake bado wanaweza kuliinua au kuliacha chini. Raia anayehudhuria kikao cha majaji na kukosa kile cha makamishna amelinda lango moja tu.