Sayansi, hadithi ama siasa? Wangari wa Nyeri alibeba zote

Uko Gredi ya 9 pale Gakindu na unaambiwa uchague mkondo mmoja: STEM, Sayansi za Jamii ama Sanaa na Michezo. Mzazi anataka udaktari, moyo wako uko kwa ngoma. Usiku hulali. Je, ukikosea, maisha yameisha?

Kabla ya kujaza fomu, hebu msikie Wangari Maathai, binti wa Ihithe, Nyeri.

Alianza na sayansi tupu. Alisomea biolojia Marekani, kisha 1971 akapata uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo. Akafundisha anatomia ya mifugo.

Kilichombadilisha ni kupe. Akiwakusanya vijijini ili atafiti homa inayoua ng'ombe, aliona mito imejaa matope na ng'ombe wamekonda, mbavu nje. Nyumbani kwao, mugumo aliouzoea utotoni ulikuwa umekatwa, na kijito alimochezea mayai ya vyura kimekauka. Aking'amua kuwa kupe si tatizo pekee. Udongo ulikuwa unakwenda na maji.

Mwaka wa 1977 akaanzisha Green Belt Movement. Wataalamu wa misitu waliwaeleza akina mama habari za miteremko na vipimo, wakatoka patupu. Wangari akawaambia watumie akili zao za shambani. Wakaotesha miche hata kwenye vyungu vilivyovunjika. Aliwasimulia watu hadithi pia, kama ile ya ndege mdogo anayebeba tone la maji kuzima moto wa msitu.

Siasa ilimgharimu. Mwaka wa 1989 alipinga jengo la orofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, akakejeliwa bungeni. Jengo halikujengwa. Mwaka wa 2002 watu wa Tetu wakampeleka bunge lilo hilo, kisha akawa waziri msaidizi wa mazingira.

Oktoba 2004, habari za Tuzo ya Nobel ya Amani zilimpata akielekea Nyeri. Akasimama katika hoteli ya Outspan, akapanda mti, Mlima Kenya ukiwa mbele yake.

Kwa hivyo msee, mkondo si jela. Lakini usifanye hii kisingizio cha kudoji hesabu. Wangari alizijua kupe vizuri kwanza, ndipo akaona mto. Siku ukivuka Gura wakati wa mvua, angalia maji yana rangi gani, kisha ujiulize kwa nini.