Chuma cha Kishushe, Msumari wa Voi

Kishushe, katika kaunti ya Taita Taveta, imekalia chuma. Kwa miaka mingi mawe mazito ya madini hayo yamekuwa yakichimbwa na kupakiwa kwenye malori, na yamezaa mikataba, kesi na mabishano kati ya kampuni za madini na chama cha ushirika cha ranchi ya Kishushe. Lakini mwenye nyumba wa hapo hapo akitaka msumari wa kupigilia bati, msumari huo umetengenezwa kiwanda cha mbali, ukashushwa Voi au Wundanyi, kisha ukafuata barabara ya vumbi juu ya pikipiki. Bei yake imeshabeba VAT ya asilimia 16, na Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka tozo ya asilimia 17.5 juu ya baadhi ya chuma kinachoingia nchini kabla ya kumalizwa kutengenezwa. Chuma hutoka Kishushe kwa tani na kurudi kwa robo kilo.

Namna mrabaha wa madini unavyogawanywa, asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii kulingana na Sheria ya Madini ya 2016, ni hadithi inayojulikana na imeandikwa sana. Ya leo ni ya upande wa pili wa safari: cheni, bati, koki, plagi na bolti zinazorudi kijijini, na watu wanaoamua kuzifunga kwa mikono yao badala ya kumwita fundi.

Mashauri mengi kuhusu kujitengenezea nyumba na gari yametoka nchi ambako saa moja ya fundi bomba ni ghali kuliko bomba lenyewe. Huko mtu hununua rangi na brashi, akapoteza Jumamosi yake, na tayari ameokoa pesa. Ukiihamishia hesabu hiyo hapa chini ya milima ya Taita, haijumliki. Kazi ya mkono hapa ni rahisi, spea ndiyo ghali, na ghali kuliko vyote viwili ni siku. Mwendesha bodaboda ambaye pikipiki yake imekufa hupoteza mapato ya siku hiyo, nauli ya kwenda mjini na kurudi, chakula cha kule, na wateja ambao kufikia jioni wameshazoea pikipiki ya jirani. Ujira wa fundi ndio mdogo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo anayejifunza spana ili amkwepe fundi ataokoa kidogo. Faida ni ya anayeitumia spana mapema, kabla kitu hakijaharibika.

Pikipiki ndiyo darasa lenyewe. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki zenye injini chini ya cc 250, na biashara ya bodaboda ikaenea hadi vijiji ambavyo matatu huviona mara moja kwa siku. Nyingi kati ya hizi ni za India, Bajaj na TVS, na zimeundwa kwa namna ambayo mwenye spana chache, bisibisi na plaisi anaweza kuzihudumia nje ya mlango wake. Tatizo la Kishushe ni vumbi. Vumbi likipita filta ya hewa linaingia kwenye silinda na kusaga ringi za pistoni polepole, mpaka siku moja unaona moshi wa samawati nyuma na oili inapungua bila kuvuja. Kufungua injini na kubadili ringi ni kazi ya fundi, na si ya bei ndogo. Kusafisha filta ya sponji ni kazi ya dakika chache: ioshe kwa sabuni au mafuta taa, ikauke kabisa, iloweke oili kidogo, ikamue, irudishe. Kwenye barabara za namna hii ratiba ya kitabu cha mwenye pikipiki haitoshi. Anayengoja kilomita zitimie anaiachia injini ile vumbi.

Cheni nayo ina hesabu yake. Cheni iliyolegea huruka na kula meno ya sproketi, na ile iliyokazwa kupita kiasi humaliza beringi za gurudumu na sproketi ya mbele. Kwa pikipiki nyingi ndogo, ukiisukuma cheni ya chini katikati inapaswa kupanda na kushuka milimita kati ya 20 na 30, yaani upana wa vidole viwili hivi vyembamba. Wengi huimwagia oili chafu iliyotoka kwenye injini kwa sababu ni ya bure. Ni bure ya siku moja, kwa kuwa oili hiyo tayari ina chembe za chuma, na ikikutana na vumbi inakuwa msasa. Kuiosha kwa mafuta taa na kuipaka oili nzito ya gia kunagharimu pesa kidogo na kuongeza maisha ya seti nzima. Neno seti si la kupuuzwa: cheni mpya juu ya sproketi zilizolika huisha upesi, na mtu hujikuta akilipa mara mbili kwa kuogopa kulipa mara moja.

Kwa wenye Probox na pikapu, adui mwingine ni maji. Visima vingi vya nyanda hizi vina maji ya chumvi, na chumvi hiyo ikimiminwa kwenye rejeta hujenga ukoko unaoziba njia na kupandisha joto la injini. Asiye na maji maalumu ya rejeta ni afadhali atumie ya mvua. Betri nayo ikishindwa kuwasha gari si lazima iwe imekufa. Mara nyingi vichwa vyake vimevamiwa na unga mweupe au wa kijani, na maji ya moto yenye magadi kidogo pamoja na brashi huvirudisha. Waya wa hasi hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho, ili spana isigonge bodi ikatoa cheche.

Kuna mahali ambapo kujitengenezea kunageuka hasara, na mara nyingi ni kwenye jambo dogo sana. Bolti ya kumwagia oili hukaa kwenye aluminiamu laini. Kijana mwenye nguvu na spana ndefu akiikaza kwa hasira, nyuzi za tundu hunyoka, oili huvuja, na kazi ya kubadili oili inakuwa kazi ya kutoboa na kutia nyuzi upya mjini. Mafundi wa Voi wanaijua kazi hii vizuri kwa sababu huletewa.

Sasa bei ya spea yenyewe. Si siri kwamba katika miji mingi ya Kenya fundi anayekupeleka duka fulani hupata chochote kutoka kwa mwenye duka, na hicho chochote umekilipa wewe. Simlaumu sana: ujira wake tunauteremsha mpaka karibu na sifuri, naye anaufidia mahali tusipoona. Lakini mwenye pikipiki anayejua jina na namba ya kitu anachotaka anaweza kupiga simu kwenye maduka mawili matatu, akalinganisha, akalipa kwa M-Pesa na kuagiza kifurushi kiwekwe kwenye matatu. Voi iko mahali pazuri kwa biashara hii: barabara ya Mombasa na Nairobi inapita hapo, ya Taveta inaanzia hapo, na malori yamewafundisha wauza spea kuwa na bidhaa nyingi rafuni. Nauli ya kifurushi ni sehemu ndogo ya nauli ya mtu.

Hatari ya kununua kwa simu ni bandia. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi tangu 2008 na mamlaka yake, lakini plagi na breki shu za uongo hazijaisha sokoni. Kwa bidhaa za humu nchini zenye alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS, mnunuzi anaweza kutuma herufi SM, alama ya reli na namba ya kibali kwenda 20023 akajibiwa kama kibali kipo. Wachache hufanya hivyo mbele ya kaunta. Ni haya tu, na muuzaji anaijua haya hiyo.

Tukirudi nyumbani, ukiniuliza ni kazi gani moja inayolipa kuliko zote Kishushe, nitasema gata. Hesabu haina ubishi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 50 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 20 linapokea lita 1,000. Hata ukitoa yanayoruka na yanayopotea, ukasema robo imekwenda, unabaki na mitungi zaidi ya 35 ya lita 20. Pahali ambapo maji hununuliwa kwa mtungi au kutafutwa kwa mguu, gata iliyoning'inia kwa waya mmoja ni pesa inayomwagika kila msimu. Na kuirekebisha hakuhitaji cheti: vishikilio vichache, uzi wa kupimia mteremko kuelekea kwenye tangi, na gundi au lami ya kuziba maungio. Koki nayo isidharauliwe. Inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza kama lita 20 kwa siku, mtungi mzima, kwa sababu ya washa ndogo ya mpira.

Paa lenyewe lina makosa yake ya kudumu. Bati la mawimbi hupigiliwa kwenye mgongo wa wimbi, wala si bondeni maji yanakopita, na msumari wake huwa na kofia na mpira. Jua la nyanda hizi hulitanua bati mchana na usiku linasinyaa, misumari inalegea, mpira unakauka, na mvua ya Novemba inaonyesha kila tundu. Kupanda kabla ya mvua na mfuko wa misumari mipya ni kazi ya asubuhi moja. Dukani kuna mtego wa namba pia: geji 32 inasikika kubwa kuliko geji 28, kumbe ni nyembamba zaidi. Nyumba nyingi zimeezekwa kwa kosa hilo.

Tangi la plastiki lina mtego wake. Likipasuka, mtu hukimbilia gundi kali, ikashika siku mbili ikaachia, kwa kuwa plastiki ya aina hii haipendi gundi. Hushikana kwa joto: kipande cha plastiki ya aina hiyo hiyo kikayeyushwa juu ya ufa kwa chuma cha moto, taratibu, tangi likiwa kavu. Na huku kupasuka kwa tangi hakusababishwi na uzee peke yake. Kishushe inapakana na Tsavo Magharibi, na kiangazi kikikaza ndovu katika kaunti hii huvunja matangi na kung'oa mabomba wakitafuta maji. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaruhusu kudai fidia ya mali, lakini madai huchukua muda mrefu na kiu haisubiri. Wenye busara huzika bomba kwa kina na kuweka tangi karibu na nyumba, na kipande cha bomba cha akiba hakikosekani stoo.

Umeme ni mpaka mwingine. Volti 240 hazimtambui mwenye nyumba. Sheria inataka anayefunga nyaya za nyumba awe na leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA, na hata ingekuwa haitaki, ningeshauri vivyo hivyo. Breki za gari lenye abiria ziko kwenye kundi hilo. Kusafisha paneli ya sola vumbi ni ruhusa ya kila mtu, na huongeza umeme bila gharama yoyote.

Je, mafundi wanaumia watu wakijitengenezea? Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 kuhusu Kenya iliwataja watu hawa kama sekta ya kuheshimiwa, Rais Moi akawatembelea wa Kamukunji, Nairobi, mwaka 1985, na hati ya bunge ya 1992 ikalitia jina la jua kali kwenye sera. Mpaka leo zaidi ya asilimia 80 ya ajira za nchi, nje ya kilimo kidogo, ziko kwenye sekta isiyo rasmi. Fundi mkuu haumii mtu akijibadilishia oili. Anayeumia ni mwanagenzi, yule kijana anayejifunza kwa kuziba pancha na kusafisha plagi, kwa sababu hizo ndizo kazi zinazohamia nyumbani. Kwa upande mwingine, wengi wa vijana wenye spana siku hizi walianza kwa kufungua pikipiki zao wenyewe. Mmoja wao akitaka karatasi, anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, kuanzia daraja la tatu bila kukaa darasani miaka, au akaenda Coast Institute of Technology pale Voi.

Linaloweza kubadilisha hesabu yote ni pikipiki ya umeme. Kampuni kama Spiro, iliyoingia Kenya mwaka 2023, humpa mwendeshaji pikipiki lakini betri hubaki mali ya kampuni, naye hubadilishana iliyokwisha kwa iliyojaa kituoni. Hakuna oili, hakuna plagi, hakuna filta ya kuosha. Hakuna ruhusa ya kufungua betri pia, na kituo cha kubadilisha kinapaswa kuwa karibu. Nchini Marekani, katika jimbo la Massachusetts, wapiga kura waliamua mwaka 2012 kwamba watengenezaji wa magari wawape mafundi wa nje taarifa za kurekebisha, na Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria yake ya haki ya kutengeneza mwaka 2024. Hapa hatujawahi kuidai haki hiyo kwa sababu kabureta haikuwahi kufungwa kwa kufuli. Mpaka kituo cha betri kitakapofika Kishushe, mwenye pikipiki ya petroli kama Bajaj Boxer ataendelea kuwa na faida moja juu ya mwenye pikipiki ya umeme: akikwama kati ya Wundanyi na nyumbani, anaweza kujitoa mwenyewe.