Kupambana na Bakteria Bila Moto

Umekwisha kujifunza kwamba moto huua bakteria wadhuru waliomo katika chakula. Je, twaweza kupambana nao bila moto? Ndiyo, twaweza. Lakini kuua bakteria ni jambo moja, na kuwazuia wasizaliane ni jambo jingine.

1. Kukausha
Nenda sokoni Tarime au Mugumu ukawatazame dagaa. Dagaa hao huvuliwa katika Ziwa Victoria, kisha huanikwa juani. Jua huondoa maji yaliyomo ndani yao. Bakteria, kama viumbe hai wote, huhitaji maji. Wakiyakosa, baadhi yao hufa. Wengine hubaki hai, lakini hawazaliani. Dagaa wakinyeshewa mvua, bakteria hao huanza kuzaliana tena, na dagaa huoza.

2. Kutia chumvi
Nyama ikipakwa chumvi nyingi, chumvi huvuta maji kutoka katika nyama na katika miili ya bakteria. Hapo pia bakteria hushindwa kuzaliana.

3. Kugandisha maziwa
Wafugaji huweka maziwa katika kibuyu mpaka yagande. Bakteria wasiodhuru hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi. Asidi ndiyo inayoyafanya maziwa kuwa machachu, nayo huwazuia bakteria wengi wanaoozesha chakula.

Jihadhari! Uchachu peke yake hautoshi. Ng'ombe au mbuzi mgonjwa aweza kutoa maziwa yenye bakteria wa brusela au wa kifua kikuu. Bakteria hao waweza kubaki hai katika maziwa ya mgando. Mtu mwenye brusela hupata homa za mara kwa mara na maumivu ya viungo, na pengine hudhani kwamba ana malaria.

Kwa hiyo chemsha maziwa kwanza, uyaache yapoe. Kisha yatie katika chombo safi, uongeze kijiko cha maziwa ya mgando yaliyotokana na maziwa yaliyochemshwa. Yafunike. Yataganda na kuwa machachu kama kawaida, wala hutapoteza ladha uliyoizoea.

Katika nchi nyingine viko viwanda vinavyoua bakteria bila moto. Maji ya matunda hutiwa katika chupa za plastiki na kufungwa. Kisha chupa huzamishwa katika maji yanayokandamizwa kwa nguvu, karibu mara 6,000 ya mgandamizo wa hewa. Bakteria wengi hufa, na ladha ya matunda haibadiliki. Mashine hizo ni za gharama kubwa. Nyumbani kwetu, silaha ya kuua bakteria wa maziwa ni sufuria na moto.

Maswali
1. Kwa nini dagaa wakavu hukaa muda mrefu bila kuoza?
2. Eleza tofauti kati ya kuua bakteria na kuwazuia wasizaliane.
3. Waulize wazazi wako jinsi maziwa ya mgando yanavyotengenezwa nyumbani kwenu. Je, maziwa huchemshwa kwanza?