Wenzio Walio Nyuma

Katika mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa, kisima hakikuwa na mwenyewe hata kama kilichimbwa na mtu mmoja kwa pesa zake. Kikishatiwa wakfu kilikuwa cha msikiti na cha mtaa, na mtaa ulikiwekea adabu zake. Ndoo na kamba ni za kisima, haziendi nyumbani kwa mtu. Nguo hazifuliwi penye mdomo wa kisima. Mwenye kutaka maji ya kunywa humtangulia anayetaka ya kuoshea ua. Mtoto aliyechezea maji alikemewa na yeyote aliyekuwa karibu, si lazima mamake, na karipio lilijulikana: "Usimwaye maji, mwanangu, una wenzio nyuma."

Naanza na kisima kwa sababu wengi wanaouliza kama watu wa Mombasa wana desturi ya kuhifadhi mazingira huanza na miti na wanyama, kisha wakaona hatuna mengi ya kusema. Ni kweli, hatuna misitu ya kaya kama ndugu zetu Wamijikenda, waliozuia mti usikatwe kwa sababu ya heshima ya mahali. Desturi yetu ya kujizuia ilisimama juu ya kitu kingine, nacho ni haki ya mtu anayekuja baada yako. Israfu ni dhambi hata kama mali ni yako. Chuoni tulifundishwa kwamba Mtume alitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na kuoga kwa kiasi cha pishi moja. Pishi ni vibaba vinne, na kibaba chenyewe hakifiki lita moja. Mtoto aliyekwisha kuona mchele ukipimwa kwa kibaba dukani hakuhitaji kufafanuliwa zaidi. Alijua hasa ni maji kiasi gani, na alijua yeye alikuwa amemwaga mangapi.

Kisiwa nacho kilisaidia kufundisha. Mombasa imekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye vitundu tele. Mvua hupenya ndani yake, na maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, hujikusanya juu ya maji ya chumvi yanayoingia chini kwa chini kutoka baharini. Tabaka hilo la maji matamu si nene. Ukiteka kwa kiasi, kisima hudumu. Ukikikamua, chumvi hupanda. Mbele ya Msikiti wa Mandhry, uliojengwa takriban mwaka 1570, kipo kisima cha zamani cha namna hiyo. Watu wa visima hivi walijua jambo ambalo wahandisi wa maji hulieleza leo kwa michoro: ukizidisha kuteka, watakaoyaonja maji ya chumvi ni wewe na jirani yako, tena si baada ya miaka mingi.

Kisha likaja bomba. Maji ya kwanza ya bomba yalitoka Marere, katika vilima vya Shimba, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mwaka 1957 yakafika maji ya Mzima kutoka Tsavo Magharibi, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200. Baadaye yakaongezwa ya Baricho, yanayovutwa kando ya mto Sabaki. Hakuna mwenye akili timamu anayetamani kurudi siku za kabla ya bomba, maana kisiwa kilikuwa kimejaa watu na vyoo vya shimo, na visima vilivyopendwa sana vilikuwa vikileta maradhi. Bomba liliokoa watoto wengi. Lakini liliondoa pia kitu kilichoishikilia adabu yetu: lilimwondoa yule mwenzio aliye nyuma.

Maji ya Mzima ni mvua iliyonyesha vilima vya Chyulu, ikapenya miamba ya volkano na kuibuka chemchemi. Msitu wa Chyulu ukikatwa, Mombasa itaona kiu. Watu wa Taita Taveta wamelalamika miaka na miaka kwamba bomba lapita mashambani mwao nao wenyewe hawana maji. Hao ndio wenzetu walio nyuma katika foleni ya leo, ila hatuwaoni. Kwa hivyo bomba likipasuka katika kichochoro cha Kibokoni, maji yakatiririka siku tatu yakipita mbele ya vibaraza, utamwona bibi mmoja, ambaye zamani angemkemea mtoto kwa kumwaga kata moja, akikunja buibui lake na kuruka dimbwi. Ukimuuliza atakwambia hayo ni maji ya serikali. Simlaumu bibi huyo. Hajabadilika tabia, bado nyumbani kwake anaosha vyombo kwa maji ya karai moja na kuyamwagia asmini na mrehani uani. Kilichobadilika ni kwamba anachokiona kichochoroni hakina sura ya mtu.

Na maji hayatoshi. Mji mzima unahitaji zaidi ya unachopata, mgao wa wiki unabadilika bila taarifa, na mikokoteni ya mitungi ya lita 20 inasukumwa vichochoroni kutwa. Ndipo visima viliporudi, na hapa desturi yetu njema inatutia katika mtihani. Mtu akifiwa na mzazi, watoto hukusanya pesa wachimbe kisima kiwe sadaka ya jariya, thawabu zisizokatika. Ni ibada nzuri, na wanaokunywa hapo ni maskini kweli. Lakini kisima cha leo huchimbwa kwa mashine na kutiwa pampu ya umeme inayovuta kwa saa moja kile ambacho ndoo na kamba zisingefikisha kwa siku kadhaa. Visima vinakuwa vingi, tabaka la maji chini ni lile lile moja. Kila familia inamchimbia marehemu wake pasipo kumwuliza jirani anayechimba upande wa pili wa ukuta. Nikionja maji ya baadhi ya visima hivi nasikia chumvi, na nasikitika, kwa maana sadaka ya huyu inaharibu sadaka ya yule na wote wawili walikusudia kheri.

Tusidanganyane kwamba wazee walikuwa malaika. Nyumba za mawe tunazojivunia zilijengwa kwa matumbawe na kwa chokaa iliyochomwa matanuri ya kuni, kuni nyingi mno. Dari zao zilishikwa na boriti za mikoko, na ndiyo sababu vyumba vya kale ni vyembamba na virefu: upana wa chumba ni urefu wa boriti, mita mbili na nusu au karibu na tatu. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini kwa korija, ishirini ishirini, zikapelekwa Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu. Majahazi yalirudi Bandari ya Kale na tende, mazulia na papa mkavu. Biashara hiyo ilikula mikoko ya Lamu na ya pwani yote vizazi kwa vizazi, hadi serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kupeleka boriti nje mwaka 1982. Hakuna mila iliyouzuia ununuzi ule. Mkoko uliokatwa kule Lamu haukuwa na jirani aliyesimama mlangoni pa tajiri wa Mombasa. Naona ni tatizo lile lile la bomba, ila limetangulia kwa miaka mia kadhaa.

Ndani ya nyumba mambo yalikuwa tofauti kabisa. Chukua nazi. Nazi hukunwa kwa mbuzi, tui likachujwa kwa kifumbu cha ukili, machicha yakapewa kuku. Kifuu kikawa kata ya kuchotea maji mtungini au kikawa kaa la kuchomea mahamri na samaki. Makumbi yakawa kuni au yakasokotwa kamba. Makuti yakaezeka kibanda cha uani, na njiti zake zikawa fagio la kufagilia kibaraza alfajiri. Nyumba yenye watu kumi haikutoa jalala la kujaza ndoo, na kidogo kilichobaki kililiwa na mbuzi na paka wa mtaani, ambao mpaka leo Mji wa Kale hauwezi kuelezwa pasipo wao. Chakula cha usiku kilikuwa kiporo cha asubuhi. Kwenye harusi pilau ililetwa kwa sinia, watu wanne au watano wakazunguka sinia moja, na aibu ilikuwa kuinuka huku upande wako una wali uliosambaratika.

Niliingia kwenye shughuli moja mwezi wa mfungo sita uliopita. Sinia bado zilikuwepo, na pilau ilikuwa ya kunusika toka barabara ya Ndia Kuu. Pembeni ya kila sinia kulikuwa na chupa za maji za plastiki, moja kwa kila mtu, pamoja na vikombe na vijiko vya kutupa. Wageni walifungua chupa, wakanywa theluthi, wakaiacha. Vijana walikuja na magunia, wakatia kila kitu pamoja, maji yasiyonywewa ndani yake. Hakuna aliyeona haya. Mwenyeji angewapa wageni maji kwa gilasi na jagi, wangesema hana uwezo. Hapo ndipo penye kazi kwetu: chupa imekuwa heshima, na mtu hatasikia la mazingira ikiwa litamvunjia heshima mbele ya wakwe zake. Jirani yangu mmoja mwenye kukodisha vyombo anasema mabibi harusi watatu wenye majina wakiamua kurudisha majagi, mwaka unaofuata chupa zitakuwa alama ya ushamba. Namsadiki.

Amri nayo inaweza. Mifuko ya plastiki, yale majuala mepesi yaliyokuwa yakining'inia kila waya wa umeme, ilipigwa marufuku Kenya nzima tarehe 28 Agosti 2017, kwa tishio la faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne. Watu wa Mombasa walinung'unika wiki mbili, kisha wakafungua makabati na kutoa vikapu vya ukili. Marikiti ilibadilika sura, na sikumbuki mtu aliyekufa njaa kwa kukosa juala. Sheria ile ilishika haraka kwa sababu chombo cha kale kilikuwa kipo na mkono ulikuwa haujasahau kukishika.

Taka zilizobaki huenda mbali. Miaka mingi zilimwagwa Kibarani, kando ya maji ya Makupa, zikawa mlima wenye moshi uliomkaribisha kila mgeni aingiaye kisiwani kwa barabara ya Nairobi. Tangu mwaka 2018 jalala lile limefungwa na kupandwa miti, nasi tukafurahi. Taka zetu sasa hupelekwa Mwakirunge, bara ya kaskazini. Waishio Mwakirunge nao ni watu.

Nimeiacha bahari mwisho kwa kuwa ndipo maneno yetu yanapopingana zaidi. Simama kwenye mnada wa samaki asubuhi, usikilize. Changu wamekuwa wadogo, tafi wadogo, fungu la mama karanga, yule mwanamke mkaanga samaki, ambalo zamani lilikuwa samaki wa kukatwa vipande sasa ni vidagaa vya kukaangwa vizima. Kila mtu anakiri. Ukiuliza sababu, utaambiwa samaki wamehama, pepo zimeharibika, riziki ni ya Mungu. Zamani kusi lenyewe lilikuwa hifadhi: bahari ilichafuka tangu Aprili hadi Septemba, ngalawa zikakaa ndani ya mwamba, na bahari ya nje ikapumzika. Leo mashine za boti hazisubiri kaskazi, na juya za kukokota ufukweni, zilizopigwa marufuku mwaka 2001, bado huzoa samaki wachanga usiku. Mikoko ya mkono wa Tudor, ambamo wachanga hao hulelewa, inakatwa kuni na kunyweshwa maji taka. Makupa penyewe tuta la mwaka 1929 lilizuia mkondo zaidi ya miaka tisini, mpaka daraja la mwaka 2022 lilipoyaachia maji yapite tena.

Neno la riziki si uvivu wala ujinga. Ni itikadi, na itikadi hujibiwa kwa itikadi. Hilo lilionekana Misali, kisiwa kidogo magharibi ya Pemba kilichowekwa chini ya hifadhi mwaka 1998. Wavuvi waliokuwa hawaisikii serikali juu ya kuvua kwa baruti walikaa na masheikh mwaka uliofuata, wakasomewa mafunzo ya Kurani kuhusu amana na mizani ya viumbe, na wengi waliosikia wakaacha. Hawakuambiwa kuwa samaki wana haki zao. Waliambiwa kuwa wao ni waliokabidhiwa, na aliyewakabidhi atauliza. Mombasa ina misikiti tele, lakini khutba ya Ijumaa inayotaja macho ya nyavu naisikia mara chache mno.

Misikiti hiyo ndiyo ninayoifikiria masika yakianza. Mombasa hupata karibu milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, sehemu kubwa ikiangukia Aprili na Mei. Paa la msikiti wa wastani, tuseme mita mraba 100, hupokea lita 100,000, yaani mitungi 5,000 ya mkokoteni, hata kabla ya kutoa kinachopotea. Wazee walikuwa na mabirika ya mvua. Mengi yamefukiwa au yamegeuzwa stoo. Familia inayokuja kwa kamati ya msikiti na pesa za kumchimbia baba yao kisima, kamati iwapeleke kwanza juu wakaliangalie paa, iwaonyeshe mfereji uliooza na birika lililojaa vifusi, na iwaambie thawabu ya kulifukua haina upungufu.