Kusomea sheria Kivu: minervali ya kwanza si hesabu yote

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa serikali yanapotoka, vijana wa Bukavu, Goma na Butembo hupakwa poda nyeupe kichwani na mtaa mzima unashangilia. Siku chache baadaye poda imeoshwa, na swali linabaki nyumbani: minervali itatoka wapi? Kwa kijana anayetaka kuwa avoka ao hakimu, swali hilo halitoshi. Feza ya kuingia mara nyingi hupatikana: mbuzi wanauzwa, wajomba wanachanga. Shida kubwa huja mwaka wa pili ao wa tatu, wakati hakuna tena cha kuuza.

Masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 yanaishia shule ya msingi. Chuo kikuu kinalipwa, hata kile cha Leta. Kivu haikosi mahali pa kusomea sheria. Kuna Chuo Kikuu cha Goma na Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu kwa upande wa serikali, na vyuo vya binafsi kama UCB ya Bukavu, ULPGL ya Goma na UCG ya Butembo. Lakini mtoto anayetoka Shabunda ao Walikale atahitaji pia chumba, chakula na nauli, na hayo kwa mwaka yanaweza kupita minervali yenyewe.

Hesabu ianze na miaka. Katika mfumo mpya wa LMD, masomo ni miaka 3 ya lisansi na 2 ya masta. Zamani ilikuwa miaka 3 ya gradua na 2 ya lisansi. Jumla ni 5 kama zamani, ila neno lisansi limehama. Sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 inayopanga kazi ya avoka inataja lisansi ya sheria, na wakati ilipoandikwa, lisansi ilikuwa ya miaka 5. Kijana anayedhani kwamba atasoma miaka 3 kisha avae toga, aende kwanza kuuliza kwenye baro ya jimbo lake ni cheti gani kinakubaliwa.

Baada ya diploma kuna kiapo mbele ya korti ya rufaa, kisha staji ya miaka 2 chini ya avoka mzoefu. Kujiandikisha kwenye baro kunalipiwa, na mwanastaji hana uhakika wa mshahara. Anayetaka kuwa hakimu hupitia mashindano ya kitaifa, kama inavyotaka sheria ya Oktoba 2006, na mashindano hayo hayafanyiki kila mwaka. Kwa hiyo mzazi anayeandika hesabu yake aandike miaka 7, si 5.

Ndani ya chuo, minervali hulipwa kwa vipande. Pembeni yake kuna gharama ambazo wazazi wengi hawaambiwi siku ya kwanza: kujiandikisha, silabusi za walimu, fotokopi, feza ya kuandikishwa kwa kila kipindi cha mitihani, na mwishoni kazi ya kuandika, kuchapa na kutetea. Asiyekamilisha kipande chake anaweza kukuta jina lake halimo kwenye orodha ya mtihani, hata kama alisoma vizuri. Ni vizuri kuomba karatasi ya malipo yote kwenye ofisi ya chuo mbele ya kutoa franka ya kwanza, na kutunza kila risiti mpaka siku ya diploma.

Njia ya kulipa nayo imebadilika. Tangu Goma na Bukavu ziingie mikononi mwa M23, Januari na Februari 2025, benki za miji hiyo zilifunga milango. Familia nyingi zimebaki na feza ya simu, na kila kutuma na kutoa kuna makato. Makato hayo nayo yaingie kwenye hesabu.

Wanaofika mwisho mara nyingi hawana utajiri, wana mpango. Mama anayeuza sambaza kwenye soko la Kadutu anaweza kuweka akiba kidogo kila wiki ndani ya AVEC, na kupanga mgawanyo uanguke mwezi wa kipande cha kwanza. Wenye asilimia za juu kabisa kwenye Exetat wafuatilie pia programu ya Excellentia ya fondasyo ya Denise Nyakeru Tshisekedi, inayosaidia washindi wa mtihani huo kusoma chuo kikuu.

Kijana naye ana sehemu yake, na hiyo haigharimu sana. Karatasi zitayarishwe mapema: diploma ao hati ya kufaulu, buletini za miaka miwili ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, cha mwenendo mwema na cha afya, pamoja na picha. Vyuo vingine huangalia asilimia ao huweka mtihani wa kuingia.

Kisha kuna Kifaransa. Kodi na hukumu zimeandikwa kwa lugha hiyo, na wengi wanaoanguka mwaka wa kwanza wanaelewa jambo lakini wanashindwa kuliandika. Katiba ya 2006 na Kodi ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, ni mahali pazuri pa kuanzia: kusoma kifungu kimoja kwa siku, kukieleza kwa Kiswahili, kisha kukiandika kwa Kifaransa. Na kwa kuwa Katiba inasema mashauri husikilizwa hadharani, isipokuwa mahakama iamue vingine, kijana anaweza kukaa nyuma ya chumba cha mahakama asubuhi moja na kusikiliza bila kulipa kitu. Akitoka hapo akiwa bado anaitaka kazi hiyo, wazazi watajua kwamba mbuzi hawauzwi bure.