Maada ya Giza na Hesabu ya Mpakani

Maelfu ya watu huvuka kituo cha mpakani cha Petite Barrière kila siku, kati ya Gisenyi, Rwanda, na Goma, Kongo. Aliyekaa upande huu anaweza kulijua soko la huko bila kulikanyaga: aangalie tu nani kaenda, nani karudi, na kabeba nini. Wanaotafuta maada ya giza hufanya hesabu kama hiyo, ila wao hawana hata hakika kwamba mpaka una mlango.

Kuhusu kuwepo kwa kitu upande wa pili, wengi hawana shaka. Mwaka 1933 mwanaastronomia Fritz Zwicky alichunguza mwendo wa galaksi za kundi moja akaona zinakwenda kasi mno. Uvutano wa vitu vinavyoonekana usingetosha kuzizuia zisitawanyike. Leo inakadiriwa kuwa asilimia 85 hivi ya maada yote haitoi mwanga wala haiuzuii. Na huenda si chembe ya aina moja. Huenda ni jamii nzima ya chembe, yenye nguvu zake yenyewe.

Hapo ndipo inapoingia Zd, chembe ya kudhaniwa tu. Zd si maada ya giza. Ni mjumbe wake. Kama Zd ipo, basi bosoni ya Higgs, chembe iliyogunduliwa kwenye maabara ya CERN mwaka 2012, inaweza kuvunjika ikatoa Zd mbili, na kila moja ikatoa jozi ya elektroni au ya muoni. Mtambo wa ATLAS wa huko CERN hunasa hizo chembe nne. Kutoka kila jozi mtafiti hukokotoa uzito wa mzazi wake. Jozi zote mbili zikitoa uzito uleule, tena na tena, habari imepatikana. Ugumu ni kwamba Higgs hutoa chembe nne kwa njia ya kawaida pia, kupitia bosoni za Z, kwa hiyo lazima zile za kawaida zitolewe kwanza kwenye hesabu.

Msako huu una mkono wa Afrika. Ketevi Assamagan, mwanafizikia mwenye asili ya Togo, ameufanya pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johannesburg. Ndiye pia mmoja wa waanzilishi wa Shule ya Fizikia ya Afrika, iliyofanyika Kigali mwaka 2016.

Hadi sasa Zd haijaonekana. Wengine huita hilo kushindwa. Mimi sikubali, kwa sababu kila msako unaotoka mtupu huondoa jambo fulani kwenye orodha ya yanayowezekana. Kinachonitia wasiwasi ni kingine: mitambo ya CERN inapofanya kazi, mafungu ya protoni hukutanishwa hadi mara milioni 40 kwa sekunde, na karibu matukio yote hutupwa papo hapo, kwa vigezo vilivyowekwa na watu wanaotarajia kitu fulani. Kisichotarajiwa kinaweza kuwa kimetupwa.

Sehemu ya data iliyohifadhiwa iko wazi kwenye intaneti, bure. Walimu wa fizikia wa Rubavu, wilaya ulipo mji wa Gisenyi, ifungueni pamoja na wanafunzi wenu.